Mtoto wa baba Mwislamu na mama Mkatoliki: nani amfundishe kusali?

Wiki hii nina barua tatu na zote zinazunguka jambo moja, dini ya mtoto. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake refu, nyie wawili wa mwisho mnivumilie.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Kigamboni, Mkatoliki mzaliwa wa Rombo, mume wangu ni Mwislamu wa Tanga. Tulifunga ndoa bomani maana kila upande ulikuwa unavuta kwake tukaona isiwe tabu. Watoto tulikubaliana tusiwaingize popote, wakikua watachagua wenyewe. Tulikaa kwa amani tu mpaka huyu wa kwanza alivyoanza shule. Sasa hivi ana miaka saba, shuleni kwao kipindi cha dini wanagawanywa, Waislamu darasa lile Wakristo darasa hili, mwanangu akabaki kasimama nje, mwalimu akamuuliza wewe wa wapi akasema sijui. Kurudi nyumbani akaniuliza mama mimi ni nani, nikamwambia kamuulize baba yako, baba yake naye akamwambia kamuulize mama yako. Mama mkwe anasema mtoto kazaliwa na baba Mwislamu, hamna mjadala hapo, aanze chuo cha Kurani, na kwanza akika alishafanyiwa Tanga alivyozaliwa (mimi nilijua ni sherehe tu ya kumkaribisha mtoto). Mama yangu mzazi naye kapiga simu, Desemba tukipanda Rombo nimwachie mtoto siku mbili tatu, nikimuuliza za nini ananiambia wewe niachie mimi, na namjua mama yangu anamaanisha ubatizo. Mume wangu Ijumaa hakosi na Ramadhani anafunga yote, mwaka huu mtoto alifunga naye nusu siku alifurahi huyo. Mimi kanisani naenda ila komunyo sipokei tangu nifunge hii ndoa ya bomani. Bibi ni haki kweli mzazi kumwingiza mtoto kwenye dini hata hajajitambua? Na mimi nifanyeje?
*Mama Wawili, Kigamboni*

Marahaba mwanangu, pole. Nianze na mama yako maana Desemba haiko mbali. Mpigie leo, usimtumie meseji, mpigie, umwambie mtoto habatizwi huko Rombo bila nyie wawili. Na umwambie hata akimpeleka kwa padri atarudishwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inataka angalau mzazi mmoja au mlezi halali awe amekubali, na kuwe na matumaini ya kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Bibi peke yake hatoshi. Halafu kuna kitu wengi hawakijui, mtoto akishatimiza miaka saba Kanisa linamhesabu ana akili zake, ubatizo wake unaenda kwa utaratibu wa wakubwa, yaani afundishwe kwanza na aseme mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anataka. Kwa hiyo mwanao keshavuka ile ya kubebwa na kigauni cheupe akamwagiwa maji huku kalala. Labda bibi achote maji jikoni ambatize mwenyewe, na wapo wanaofanya hivyo, wala hawana roho mbaya, wanaamini wanamwokoa mtoto.

Ila hayo mambo ya kimyakimya yana historia mbaya. Bologna huko Italia kulikuwa na familia ya Kiyahudi, dada wa kazi wao Mkatoliki akambatiza mtoto wao kwa siri siku alipougua akidhani anakufa. Siri ikaja kujulikana. Mwaka 1858 askari wa dola ya Papa wakabisha hodi wakamchukua yule mtoto, Edgardo Mortara, ana miaka sita, eti aliyebatizwa hawezi kulelewa na Wayahudi. Wazazi walilia kila ofisi na magazeti ya Ulaya na Marekani yakapiga kelele, mtoto hakurudi. Akalelewa hukohuko Roma, akawa padri, akafa mwaka 1940. Hamna askari atakayekuja Kigamboni, lakini mumeo akija kusikia kwamba mtoto wake alibatizwa na bibi jikoni, na atasikia tu maana kwenye koo zetu hizi siri haikai, hapo atakuwa na haki ya kukuuliza wewe ulikuwa wapi.

Nirudi kwenu sasa. Unasema hamkumwingiza popote, na mbuzi wa akika mlikula! Akika sio sherehe ya kukaribisha mtoto tu, ni sunna, siku ya saba mtoto ananyolewa, anapewa jina, anachinjiwa, wa kiume mbuzi wawili. Mama mkwe hakukudanganya, hukuuliza. Na ujue kitu kimoja ambacho naona hamjawahi kukaa mkakiongea. Kwa Waislamu mtoto haingizwi kwenye dini kwa tendo fulani kama sisi na ubatizo wetu (mimi ni Mlutheri, niseme mapema usije ukadhani navutia upande). Kuna hadithi maarufu ya Mtume, iko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani umbile safi la kumjua Mungu, ni wazazi wake ndio wanaomfanya Myahudi au Mkristo au Mmajusi. Kwa hiyo Tanga wanavyohesabu, mtoto wa baba Mwislamu yumo tayari, hamna anachosubiri, na akitoka akiwa mtu mzima hiyo inaitwa kuritadi, sio jambo la kusema ah kijana kachagua. Rombo nao kwa mahesabu yao mtoto hajabatizwa, yuko nje, kila siku inayopita mama yako moyo unamwenda mbio. Sasa katikati ya hao watu wawili nyie mmekaa mnasema atachagua. Inawezekana kabisa siku mnakubaliana kila mtu alisikia lake. Wewe ulisikia milango iko wazi pande zote mbili, yeye akasikia hamtampeleka kanisani basi.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na mama mkwe wala mama mzazi kaa na mumeo usiku watoto wamelala na umuulize swali moja: huyu mtoto akifika miaka 18 akasema baba nataka kubatizwa, utafanya nini? Usimkatishe, msikilize mpaka mwisho. Akisema nitaumia lakini atabaki mwanangu, mna makubaliano kweli. Akisema haiwezekani, basi hamkuwahi kuwa nayo, na afadhali mlijue hilo sasa hivi mtoto akiwa na saba. Na wewe ujiulize hilohilo kwa upande wa pili, akija kukuambia mama mimi nimeamua ni Mwislamu moja kwa moja, naswali tano, Krismasi sipandi Rombo. Usinijibu haraka haraka.

Kuhusu haki. Ndiyo, mzazi ana haki ya kumlea mtoto kwenye imani yake, na sio haki ya mila tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 14, unampa mtoto uhuru wa dini na papo hapo unaheshimu wazazi wamwongoze kadiri anavyokua, na ule wa Afrika wa mwaka 1990 unasema karibu hivyohivyo. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto anayeweza kuwa na mawazo yake asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu. Ndio maana namwona mtoto wa siku saba na mtoto wa miaka saba kuwa kesi mbili. Wa siku saba unamfanyia unachoamini, hamna namna nyingine, hata kuamua usimfanyie chochote ni kumwamulia. Wa miaka saba ana mdomo. Alifunga nusu siku na baba yake kwa hiari yake akafurahi, hiyo ni sauti yake tayari.

Na hili la kusema tutamwacha mpaka akue mimi silipendi, nikuambie wazi. Sio kwamba ni dhambi, ni kwamba halipo. Mtoto haachwi na mtu. Nyie mkinyamaza atafundishwa na mwalimu wa darasa, na watoto wenzie wa mtaani watakaomwambia baba yako ataingia motoni au mama yako ataingia motoni, na mahubiri ya simu, na bibi wawili waliokasirika. Wote hao watamfundisha isipokuwa watu wawili wanaompenda kuliko wote, ambao kila mmoja anamrusha kwa mwenzie. Hapo kwenye "kamuulize baba yako" ndipo niliposikitika kuliko sehemu yoyote ya barua yako.

Mtu kama mwanao yupo hata kwenye Biblia yako. Timotheo, mama yake Myahudi aliyeamini, baba yake Mgiriki, soma Matendo 16. Alikuwa hajatahiriwa mpaka ukubwani, Paulo ndiye aliyemtahiri kwa sababu ya Wayahudi wa kule, inaonyesha kwamba nyumbani kwao hili suala halikumalizwa na mtu. Lakini imani alikuwa nayo na Paulo anasema alikoipata, kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hamna mahali tunaambiwa Eunike alimficha mumewe kitu. Na kwenye Kurani sura ya Luqman, aya ya 15, mtoto anaambiwa hata wazazi wakimshurutisha kwenye ushirikina asiwatii kwenye hilo ila akae nao kwa wema duniani. Vitabu vyote viwili vilishaziona nyumba kama yenu.

Basi mimi ningefanya hivi. Nikishaongea na mume na tukaelewana kwenye lile swali, ningemruhusu mtoto aanze chuo. Najua Rombo watanichukia. Sababu zangu ni kwamba baba yake anaswali kweli, mtoto anamfuata kweli, na kusoma chuo ni kujifunza, siku akisema basi alichojifunza hakimdhuru. Ubatizo ungesubiri, sio kwa sababu ni mdogo kuliko chuo, kinyume chake, kwa Wakatoliki ni alama isiyofutika, mtu habatizwi mara mbili wala habatuliwi, kitu cha namna hiyo kisubiri awe anajua anachoomba. Na wewe usijiondoe. Jumapili akitaka kwenda nawe aende, usiku umfundishe Baba Yetu ukitaka, mbele ya baba yake na sio chumbani kwa kunong'ona. Lakini mume akikujibu kwamba haiwezekani mtoto kuchagua, jibu langu linabadilika, hapo chuo kisianze mpaka mkae na mtu mnayemheshimu wote wawili, maana utakuwa unasaini kitu ambacho hujakisoma.

Mwalimu naye mwandikieni kakaratasi nyie wawili, mtoto akae chumba kipi, hata kama mtabadilisha mwakani. Asisimame nje tena.

Kitu ambacho msithubutu ni kugawana watoto, huyu wa kwanza wa baba, huyu mdogo wa mama. Nimeona nyumba za hivyo, Idi inakuwa ya mmoja na Krismasi ya mwingine, wakikua wanakuwa timu mbili, halafu mzazi akifa ndio uje uone, maiti iko ndani na ndugu wako nje wanagombana azikwe na nani. Na kama mtatengana (siombei), ujue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu mahakama kuweka masharti hata ya dini atakayolelewa mtoto pale inapotoa amri ya nani akae naye, na inaangalia ustawi wa mtoto kwanza, sio baba ana dini gani.

La mwisho kwako, samahani kama nitagusa kidonda. Umeandika komunyo hupokei, ukapita haraka. Nadhani nusu ya hii barua ni hiyo. Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na Mwislamu kanisani kwa ruhusa ya Askofu, ndoa mseto hizo zipo sana tu, na ndoa yenu ya bomani inaweza kurekebishwa bila mumeo kubadili dini. Nenda ofisi ya parokia ukamuulize padri. Ila ujue utaahidi kufanya yote uwezayo watoto wabatizwe na walelewe Kikatoliki, na mumeo lazima aambiwe kwamba umeahidi, yeye haahidi kitu. Kwa hiyo usiende huko kabla ya lile swali la usiku.

Bwana asifiwe Bibi. Mimi ni baba niko Arusha, tunasali KKKT, Kanisa la Kilutheri. Kijana wangu ana miaka 15, mwaka wa pili darasa la kipaimara, amebakiza miezi michache sasa anasema haendi tena na kipaimara hapokei kwa sababu haamini. Mama yake analia, mimi nimeshaagiza suti na wageni wameshaalikwa. Maandiko yanasema mlee mtoto katika njia impasayo. Nimchape?
*Baba Mlezi, Arusha*

Usimchape. Kipaimara ni kijana kusimama mwenyewe mbele ya usharika kukiri kile ambacho wazazi na wadhamini walikikiri kwa niaba yake alivyobatizwa mchanga. Maana yake yote iko kwenye huo mdomo wake. Ukimchapa atasimama, atasema naamini, suti itampendeza, na utakuwa umemfundisha kudanganya madhabahuni. Umenitajia Mithali 22, nenda na Waefeso 6:4 akina baba msiwachokoze watoto wenu.

Mimi ningetaka kujua haamini nini. Ulimuuliza? Wengine ukiwauliza unakuta aliuliza swali darasani akaambiwa akae chini asikariri mambo ya mtandaoni, akakasirika mpaka leo. Hiyo sio kukosa imani. Halafu na wewe jiulize, Martin Luther alivyoandika ile Katekisimo Ndogo mwaka 1529 aliiandika baba mwenye nyumba awafundishe wa nyumbani kwake, mliifungua lini mara ya mwisho hapo sebuleni au ilikuwa kazi ya mwinjilisti Jumamosi tu? Muahirishie. Mchungaji mwenye busara atamkubalia mwakani au hata miaka mitatu mbele. Kwenda ibadani na familia Jumapili bado unaweza kumwambia ni utaratibu wa nyumba yako, hilo ni tofauti na kumlazimisha akiri. Wageni wapigie simu. Suti atavaa kwenye harusi.

Sasa Bibi. Nakuandikia kutoka Umoja, Nairobi. Mimi na mama watoto hatuamini dini yoyote, na naona wazazi wengi wanawafunga watoto kabla hawajajua kitu, mtoto mchanga anaitwa Mkatoliki jameni, kwani amesoma nini? Si ingekuwa poa dini ipigwe marufuku mpaka mtu afike 18? Shida yangu ni msichana wetu wa miaka tisa, shule anasoma CRE, somo la dini ya Kikristo, na juzi akaniuliza kama anaweza kuenda Sunday school na rafiki yake. Nimkatalie?
*Baba Mdogo, Umoja*

Poa sana mjukuu wangu. Kupiga marufuku mpaka 18 hutaweza wala hungependa, maana serikali ikipewa nguvu ya kuingia sebuleni kumzuia jirani yako kusali na mtoto wake, kesho itaingia kwako kukuuliza kwa nini wako hasali. Katiba yenu ya mwaka 2010, ibara ya 32, inamlinda jirani na inakulinda wewe.

Hoja yako ya mtoto mchanga lakini siidharau, na wala si ya wasioamini peke yao. Zurich mwaka 1525 kuna Wakristo walikaa wakasema ubatizo wa mchanga si ubatizo, mtu aamini kwanza, wakabatizana upya wakiwa watu wazima na baadaye wenzao wakauawa kwa hilo. Mpaka leo Wabaptisti, Wasabato, Wapentekoste wengi hapa kwetu, mtoto wanamwombea na kumweka wakfu tu, maji anasubiri akue. Kwa hiyo ukikaa na jirani yako mlokole mtashangaa mnakubaliana.

Msichana mwache aende. Ulisema mtu achague, sasa amechagua kwenda kuangalia na wewe ndio unataka kufunga mlango, huoni? Akirudi muulize walimwambia nini, na umwambie wewe unaonaje na kwa nini, bila kumcheka rafiki yake. Mfundishe pia hizo hadithi hata kama huziamini, Musa na Nuhu na Yesu na Ramadhani ni nini, maana anaishi Kenya, atakaa kwenye matanga ya shosho yake na kwenye harusi za wenzake na hatajua kwa nini watu wamesimama wala wanaimba nini. Na akikuambia baada ya wiki tatu kwamba imemchosha, usishangilie mbele yake.